Uzoefu wangu na Proxmox: kuhamisha VM huku foleni iko dirishani (Kigoma)

Jamani niseme ukweli tu, siku ya kwanza nahamisha VM (kompyuta pepe inayoendeshwa ndani ya seva) kutoka seva moja kwenda nyingine ikiwa inafanya kazi roho ilikuwa juu. Saa nne asubuhi, saccos yetu hapa Mwanga imejaa watu, dada wa dirishani anamhesabia mzee mmoja wa Ujiji hela zake, mi niko chumba cha nyuma nimebonyeza Migrate afu nachungulia mlangoni nione kama dada ataita "kaka mfumo umegoma tena!" Hakuita. Kwenye pingi (vijumbe vya kupima kama mashine inajibu) ilipotea moja tu, inayofuata ikajibu, mzee akachukua chake akaondoka.

Proxmox, yani programu ya kuendesha VM kwenye seva, naitumia mwaka wa tatu sasa. Ni ya kampuni ya Austria, ipo tangu 2008, ndani yake ni Debian (aina ya Linux) na KVM (sehemu ya Linux inayoendesha VM), na unaipakua bure na kuhama laivu kumo humohumo bila leseni ya pembeni. Ukiingia kuna kidirisha kinakukumbusha kwamba huna usajili wa kulipia, unakifunga kazi inaendelea. Mi nina seva mbili za mtumba za kutoka Kariakoo, moja ina prosesa ya Xeon E5 v2 nyingine E5 v4 ambayo ni mpya zaidi, na utofauti huo kaeni nao kichwani maana ndo ulinitoa jasho.

Kwanini niliitaka hii kitu? Vumbi. Kiangazi cha Kigoma mnakijua, vumbi jekundu linapenya mpaka kwenye chumba kilichofungwa, kila baada ya miezi kadhaa lazima nifungue seva niipulize na feni zake. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya Jumapili, unaacha familia. Siku hizi nahamishia VM zote kwa jirani, nazima seva mchana kweupe, napuliza, nawasha, nazirudisha.

Inavyofanya kazi ni hivi, ramu ya VM inanakiliwa kwenda seva ya pili huku VM yenyewe inaendelea kuhudumia watu, na kwa kuwa inaendelea kuandika, kurasa (vipande vya ramu) zilizobadilika zinanakiliwa tena, na tena, mpaka kinachobaki kiwe kidogo, hapo VM inasimamishwa kidogo sana (lengo la kawaida la Proxmox ni sekunde 0.1) inaamkia upande wa pili. Mvuvi wa Kibirizi huhitaji kumchorea, ni kukumba maji kwenye mtumbwi unaovuja: mkono ukiwa mwepesi kuliko maji yanavyoingia unamaliza, maji yakikuzidi unakesha.

Mi nilikesha. Mwisho wa mwezi, databesi inapiga hesabu za riba, ramu GB 16, kebo ya gigabiti 1 ambayo ikijitahidi sana inapitisha MB 110 na kitu kwa sekunde, yani raundi ya kwanza peke yake ni zaidi ya dakika mbili. Namba ya kilichobaki inashuka, inapanda, inashuka, inapanda. Nikakatisha. Uzuri ni kwamba ukikatisha VM inabaki pale ilipokuwa, haijui hata kama kulikuwa na safari. Tangu hapo sihamishi databesi ikiwa na kazi nzito, na nimevuta kebo ya pekee kutoka seva moja mpaka nyingine kwa ajili ya kuhama tu, nikaiandika kwenye datacenter.cfg (faili la mipangilio ya Proxmox). Usichanganye na njia ya corosync (programu inayounganisha nodi, yani seva za kundi moja), hao ndo wanaulizana "upo? nipo", na ukijaza njia yao mzigo watachelewa kujibiana, nodi itadhani mwenzake kafa.

Haya sasa prosesa. VM zote niliziweka aina ya host (VM inaona prosesa ya seva vilevile ilivyo) kwa sababu nilisoma kwamba ndo ina kasi zaidi, na ni kweli ina kasi. Kutoka v2 kwenda v4 ikaenda kama siagi. Baadae VM moja ikawashwa upya ikiwa kwenye v4, ikaona kuna AVX2 (amri za ziada za prosesa mpya), programu zake zikaanza kuitumia, mi sina habari, jioni nairudisha kwa v2 ambayo AVX2 haina: skrini imeganda, prosesa asilimia 100, hata kuzima kwa heshima haitaki. Kosa langu mwenyewe. Sasa hivi zote ni aina ya x86-64-v2-AES (prosesa ya kiwango cha chini zaidi), seva zote mbili zinaimudu. Na ukibadilisha zima VM kabisa afu uiwashe, kuristati ndani ya Windows haitoshi.

Mengine madogomadogo: toa ISO (faili la diski ya kusakinishia) kwenye sidii ya VM, ikiwa imekaa kwenye diski ya nodi itakukatalia. Kifaa cha USB ulichokipitisha kwenye VM hakihami nayo. Jina la briji (swichi pepe ya mtandao) liwe lilelile pande zote. Kontena za LXC (nyepesi kuliko VM, zinatumia Linux ya seva yenyewe) hazihami laivu, zinazimwa zinawashwa upande wa pili. Diski zangu ni ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili) na nimeweka replikesheni (diski inanakiliwa kwenda seva ya pili kila baada ya muda), kwa hiyo wakati wa kuhama zinapelekwa tofauti tu badala ya diski nzima, huko ndo utaona raha. Na nodi mbili peke yake hazitoshi kura za kuamua nani yuko hai, nimeweka laptop kuukuu iwe QDevice, yani mpiga kura wa tatu.

Ila bosi wangu alinielewa vibaya. Siku umeme umekatika na betri ya UPS ya seva moja ikafa palepale, akaja mbio, "si ulisema inahama yenyewe?" Bosi, seva iliyozimika ramu yake utainakili wapi? Kuhama laivu kunataka seva zote mbili ziwe hai. Kilichotuokoa ni HA (kipengele cha kuwasha VM kwingine seva ikifa), ikaiwasha VM upande wa pili kutoka nakala ya replikesheni ya mwisho, na kwa kawaida replikesheni ni kila dakika 15, kwa hiyo mihamala ya dakika kama tisa tuliiingiza upya kutoka kwenye risiti, mimi na dada wa dirishani, mpaka saa mbili usiku. Sasa nimeshusha mpaka dakika 2, na betri mpya mbili zipo njiani.