Yuniti zilizobaki kwenye konteri: yaliyonipata nilipohama Katindo

Nimetumia umeme wa kashipawa, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, miaka minne hapa Goma, kwanza Katindo, sasa Ndosho. Jina la kampuni silitaji. Siku hizi mjini hapa haiko moja, na ninayotaka kusema yanahusu zaidi ile mashine ya ukutani, konteri (mita), na gishe yake, yaani dirisha la kuhudumia wateja ofisini. Kwa kawaida sina ugomvi nayo. Fakture za kukadiria, ambapo mwenye balbu mbili analipa sawa na jirani mwenye friji na resho, mimi sizitamani tena. Shida yangu na kashipawa ilikuja siku pesa ilipozidi.

Jumamosi usiku yuniti ziliisha. Nikanunua za dola 20 kwa simu, pesa ikakatwa, namba ya kuingiza kwenye konteri haikuja. Kwenye friji kulikuwa na sambaza za kilo mbili. Nikasubiri saa nzima, nikatuma dola 20 nyingine. Kimya. Tukakaanga sambaza zote usiku ule kwenye mbabula, jiko la makala (mkaa), tukala mpaka watoto wakakataa. Jumatatu asubuhi meseji zikaingia mbili kwa mpigo, kila moja na namba yake ya tarakimu 20.

Konteri yetu ilikuwa koridoni, mahali pasipo na dirisha, kwa hiyo nikawasha tochi ya simu huku mtoto akinisomea tarakimu nne nne kutoka kwenye karatasi. Skrini ikaandika 94.6. Nikataka kuingiza na ya pili. Mama watoto akaniambia, “Papa, tunahama baada ya siku tisa. Hiyo iache kwenye simu.”

Ni kweli. Notisi ya bayeri, mwenye nyumba, tulikuwa nayo tangu mwezi wa 6, na bado nikanunua umeme kama mtu mwenye parsele yake.

Kesho yake nikaenda gishe saa mbili asubuhi, zamu yangu ikafika karibu saa tano. Mama aliyenipokea alikuwa mstaarabu, na alinieleza jambo ambalo miaka yote minne hakuna aliyeniambia. Kila namba inatengenezwa kwa konteri moja tu. Ukiipeleka kwa jirani itakataliwa. Ukishaiingiza, yuniti zinakaa ndani ya mashine yenyewe, na wao pale ofisini hawana mkono wa kuzitoa. Ila namba ambayo haijaingizwa, hiyo wanaweza kuifuta na kukutolea nyingine kwa konteri mpya. “Hii ya pili hujaigusa, Papa?” Sijaigusa, Mama. “Una bahati.” Pesa ya mkononi hawarudishi, hilo alilisema kabla sijauliza. Wakachukua kopi ya kadi yangu ya mpiga kura, namba za konteri zote mbili, na meseji zote mbili wakazinakili kwa mkono kwenye daftari. Rudi Ijumaa.

Zikabaki zile 94.6 za ukutani. Bayeri alipendekeza nimwachie, “kama zawadi ya nyumba.” Mzee namheshimu, lakini garanti yangu, pesa ya dhamana niliyomwekea, alikuwa bado anaizungusha, kwa hiyo zawadi nikaikwepa. Tukaamua kuzila. Siku ya kawaida sisi tunamaliza kama yuniti tatu: taa, televisheni, friji ndogo, simu. Tuna resho ya sahani mbili ya wati 2000. Ukiwasha zote mbili, yuniti mbili zinakwenda kwa saa. Saa tatu za kupika kwa siku ni yuniti sita, jumla tisa, mara siku tisa ni 81. Hesabu ilikubali karibu zote. Maharage yakapikwa kwa umeme, maji ya kuoga kwa umeme, mapazia yakapigwa pasi, kitu ambacho sijawahi kukiona nyumbani kwangu. Muuza makala wa pale kona akauliza kama tumesafiri.

Delestaji ndiyo iliyoharibu hesabu. Jioni tatu umeme ulikatwa saa ileile ya kupika, tukarudi kwenye mbabula. Asubuhi ya kuhama, magodoro yakiwa tayari juu ya chukudu, nilisimama na lokateri (mpangaji) mpya mbele ya konteri tukasoma pamoja: 31.2. Akapiga picha, nami nikapiga. Kwa bei niliyonunulia, hizo zilikuwa za zaidi ya dola sita. Alinipa franga za dola 5, nikapokea bila kubishana, maana kwenye mashine nisingezipata kamwe.

Gishe nilirudi mara tatu. Ijumaa ya kwanza aliyehusika hakuwepo. Ya pili mashine zao hazikuwa na intaneti. Siku ya 18 namba mpya ikaingia kwenye simu, dola 20 zilezile, sasa kwa konteri ya Ndosho. Kwa kungoja huko natoa nyota tatu kati ya tano. Bila yule mama wa gishe zingekuwa mbili.

Nilitegemea 94 na kitu. Zikaja 70.9. Nikapiga simu nikijua wamenikata, kumbe lokateri aliyenitangulia Ndosho aliacha deni, na deni nalo linakaa na konteri: kila ukinunua, linakatwa kidogo. Kabla ya kusaini nilikagua mabomba, choo na kufuli za milango. Konteri niliitazama tu kama inawaka. Nimempelekea bayeri mpya ile meseji, akaisoma mara mbili, akasema tutalitoa kwenye kodi ya mwezi wa 10. Nimemwomba aliandike.