CRY2/CIBN: kuiamrisha seli ijikunje kwa taa ya bluu (nyota 4)

Wadau wa baiolojia ya seli, huu mfumo wa CRY2/CIBN, protini mbili za mmea zinazoshikana zikipigwa mwanga wa bluu, nimeukubali. CIBN unaipachika kwenye utando wa seli, CRY2 unaibebesha kipande cha ARHGEF11, ile protini inayoiwasha RhoA (protini-swichi ya kuikunja seli), halafu ukipiga mwanga wa bluu zinashikana, RhoA inawaka pale pale ulipomulika, myosini (protini inayovuta nyuzi za ndani ya seli) inavuta, seli inajikunja unaiona laivu kwenye skrini. Dawa haikupi hiyo aisee, ukiimwaga inazikuta seli zote kwenye sahani, huku unachagua kona moja tu.

Kasoro zipo. Ukizima taa CRY2 haiachii haraka, ni dakika kadhaa, so kama unataka washa-zima chapchap bora iLID, mfumo mwingine wa mwanga wa bluu unaoachia haraka. Alafu ukipiga picha za GFP (protini ya kijani ya kung'arisha seli) ushaiwasha CRY2 bila kutaka maana GFP nayo inataka bluu, we tumia mCherry, ile inayong'aa nyekundu, na maabara weka taa nyekundu, taa za dari zinaharibu kila kitu.

Ila msiishie kwenye video kali. Utamu uko kwenye modeli ya hesabu: Rho (ndiyo hiyo RhoA) inajiongeza yenyewe kupitia GEF-H1, protini nyingine inayoiwasha, myosini inakuja nyuma kwa kuchelewa inaizima, ukiweka milinganyo michache kwenye kompyuta unaanza kuelewa kwa nini saketi ileile huku inatoa mipigo, kule mawimbi, inategemea kiasi cha GEF-H1 na myosini. Watafiti wa Dortmund walitoa kazi ya hivi 2020, itafuteni.

Nyota moja nimekata kwa hiyo GFP.