Vigae vya sakafu na ukuta: acha rangi kwanza, angalia kama vimepinda

Karibu malalamiko yote ya vigae ninayotumiwa na wasomaji yana chanzo kimoja, ingawa wenyewe hawakitaji. Mmoja anasema kidole cha mguu kinajigonga kila akikatiza sebuleni. Mwingine akipiga deki, maji machafu yanabaki yamejipanga kwenye mistari. Mwingine anasema mchana sakafu ni nzuri, ila usiku taa ikiwaka anaona kivuli kwenye kila kigae. Wote wamemlaumu fundi, na wawili wamekataa kummalizia hela yake. Ninapowaomba wachukue vigae viwili vilivyobaki na kuvibandanisha uso kwa uso, jibu linakuja lilelile: katikati vinagusana, pembeni vina uwazi. Vigae vimepinda, na vilipinda kabla havijatoka kiwandani.

Kwa hiyo humu sitazungumzia rangi, maua wala mng'aro. Hayo kila mtu anayaona dukani. Nitazungumzia kupinda, kwa sababu muuzaji hatakutajia na kwenye boksi hutakuta maelezo yake.

Kigae ni udongo uliogandamizwa na kuchomwa kwenye moto mkali; porselini, yaani kile kigumu kisichonyonya maji kirahisi, huchomwa kwenye nyuzi joto karibu 1,200. Mwili wa kigae na ile rangi ya juu inayong'aa havisinyai sawasawa vinapopoa, na joto la tanuri likiwa tofauti juu na chini, kigae kinabinuka au kinabonyea. Kadiri kigae kinavyokuwa kirefu au chembamba ndivyo tatizo linavyokua. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 hakidai kigae kiwe bapa kabisa, kinaruhusu mpindo kidogo. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuapia kwamba mzigo wake una ubora, asiwe amedanganya, na bado sakafu yako ikawa ya kujikwaa.

Kipimo ni hiki. Omba vigae viwili kutoka boksi moja. Vibandanishe nyuso zao zikiangaliana, juu ya meza iliyonyooka. Bonyeza kona moja: kikicheza, vimebinuka katikati. Kisha tazama kingo zote nne huku umewasha tochi ya simu kwa upande wa pili. Chukua kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76, ujaribu kuichomeka kwenye uwazi. Ikigoma kuingia, nunua. Ikiingia moja kwa shida, vinavumilika kama utavipanga mistari ikikutana, si kama matofali. Zikiingia kadi mbili, rudisha boksi. Rudia kwa vigae vya boksi jingine la chini kabisa kwenye rundo, maana lile la juu ndilo wanalowafungulia wateja wote.

Ukifika nyumbani, mpangilio nao una neno lake. Vile vigae virefu vya mfano wa mbao, sentimita 20 kwa 120, watu wengi wanapenda vipangwe kama matofali, ncha ya kimoja ikianguka katikati ya mwenzake. Hapo umechukua sehemu iliyoinuka zaidi ukaiweka jirani na sehemu iliyolala zaidi, na kingo lazima zipishane hata fundi awe bingwa wa mkoa mzima. Mwambie asogeze kwa theluthi moja, si nusu. Kwa kigae cha urefu wa sentimita 120 ni sentimita 40. Na zile klipu za plastiki na kabari zake zinasawazisha kingo za majirani wakati gundi inakauka, lakini hazinyooshi kigae. Ukikilazimisha kilichopinda sana, unaacha uwazi chini yake, na siku kitu kizito kikiangukia hapo kinapasuka.

Sasa nipange ninavyoviona, kwa anayejenga au kukarabati hapa Tanzania.

Namba moja kwangu ni Twyford, porselini ya 60 kwa 60. Nasema wazi kwamba naipendelea, na hakuna anayenilipa kusema hivyo. Inatengenezwa Chalinze, mkoani Pwani, na ndugu zetu wa Kenya wanaipata kutoka kiwanda cha Kajiado. Katika vigae vyote nilivyovibandanisha kwa mikono yangu kwenye maduka ya Dar, hivi ndivyo vilivyonipa shida kidogo zaidi kwenye kadi. Tena kikipungua kigae kimoja kona ya mwisho, una nafasi nzuri ya kukipata kwenye duka la pili au la tatu. Ukipata aina ambayo kingo zake zimekatwa kwa mashine baada ya kuchomwa, chukua hiyo: vipimo vinalingana na mstari wa grauti, ule mchanganyiko wa kuziba kati ya kigae na kigae, unaweza kuwa mwembamba, milimita 2 au 3. Angalizo moja: porselini karibu hainywi maji kabisa, kwa hiyo uji wa saruji peke yake hauishiki vizuri. Nunua gundi ya vigae, na fundi aipake eneo lote kwa mwiko wa meno. Akianza kuweka madonge matano, manne kwenye kona na moja katikati, msimamishe hapohapo.

Namba mbili ni Goodwill, ya Mkuranga. Keramiki yao ya 40 kwa 40 ni kigae kidogo, na udogo wenyewe ni kinga dhidi ya kupinda. Kwa vyumba vya kulala, korido na nyumba ya kupangisha, sioni kwa nini ujitese na vikubwa.

Namba tatu ni vya nje, vya Hispania na India. Vizuri vipo, na vya Hispania vingine ni vizuri mno. Shida yake ni mzigo. Kontena likiisha limeisha, na linalofuata linaweza kuja na namba nyingine ya rangi au ya kipimo, zile za kwenye boksi zinazoonyesha tofauti ndogo za rangi na ukubwa kati ya mzigo na mzigo. Ukinunua hivi, chukua vyote siku moja, na uhakikishe namba za rangi na za kipimo kwenye maboksi zinafanana, boksi kwa boksi.

Namba nne ni virefu vya mfano wa mbao, vya kampuni yoyote. Sababu nimeshazitoa.

Vya bei ya chini, daraja la pili na mabaki: stoo na choo cha nje, basi.

Ukutani mambo ni mepesi kidogo kwa sababu hakuna mguu wa kujikwaa, ila dirisha la bafuni litakuumbua. Mwanga ukipita pembeni ya ukuta unaonyesha kila mpindo. Ninashauri 25 kwa 40 au 30 kwa 60, visivyong'aa sana. Kigae cha ukutani kinanyonya maji mengi, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo ukitumia saruji lazima kilowekwe kwanza, la sivyo kinanyonya maji ya saruji yote na baada ya muda kinabanduka. Na tafadhali usikubali kushawishiwa kukiweka sakafuni kwa sababu rangi inafanana. Hakikuumbwa kubeba uzito wa kabati wala friji. Sakafu ya bafu iwe 30 kwa 30 yenye uso wa kukwaruza usioteleza, hasa kama nyumbani kuna mzee.

Hili la bei linaniudhi na lazima niliseme. Kwa nini tunauziwa kwa boksi? Boksi la 60 kwa 60 mara nyingi lina vigae vinne, mita za mraba 1.44. Boksi la vile virefu likiwa na vigae vitano ni mita za mraba 1.2. Muuzaji anakwambia hili elfu 40, lile elfu 36, nawe unaona umeokoa elfu nne. Piga hesabu: la kwanza ni kama shilingi 27,800 kwa mita ya mraba, la pili ni 30,000. Nimeuliza bei ya mita kwenye duka moja Kariakoo nikaangaliwa kama nimetukana. Gawa mwenyewe kwenye simu, bei ya boksi kwa mita zake za mraba; namba ya mita za mraba imeandikwa ubavuni mwa boksi. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 22, yaani maboksi 16 ya hayo ya 1.44.

Na lile la cha juu. Fundi anakupeleka duka "la rafiki yake", anapewa chake pembeni, na gharama hiyo imo ndani ya bei yako. Wapo mafundi waaminifu, ninawajua, lakini fundi aliyelipwa na duka hatakwambia kwamba vigae vya duka hilo vimepinda. Nenda peke yako kwanza, na kadi yako ya benki mkononi. Muuzaji akikataa kufungua boksi, mwambie utalilipia hilo moja ukalipime hukohuko dukani kabla ya kulipia mengine kumi na tano. Wengi hulainika hapo. Asipolainika, vuka barabara, maduka ni mengi.

Kabla ya kupakia kwenye kirikuu, andikisha kwenye risiti jina la kigae, namba ya rangi, namba ya kipimo, na maneno kwamba maboksi mazima yaliyobaki yatapokelewa. Maboksi yasafiri yakiwa yamesimama kwa ubavu, yamebanana, chini kukiwa na mbao au gunia. Na yakifika, mwambie fundi afungue manne kwa wakati mmoja na achanganye vigae vyake anapobandika, ili tofauti ndogo za rangi zisambae sakafu nzima badala ya kukusanyika upande wa mlangoni.