Kiti kirefu cha kulia kwa mtoto wa miezi 6: tazama nyayo kabla ya mto

Madukani viko vya aina mbili kubwa, na vyote vimeandikwa "kuanzia miezi 6". Kuna cha plastiki chenye mto mnene na mgongo unaolala, na kuna cha mbao ambacho ubao wa kukalia na ubao wa kukanyagia husogezwa juu na chini. Wanunuzi wengi hubonyeza mto kwa vidole, wakaridhika, wakachukua cha plastiki. Kwa mtoto anayeanza kula, cha mbao kinakishinda kwa mbali, na siri yake iko kwenye nyayo.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, watoto wenye afya huanza kukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Maana yake wa miezi 6 mara nyingi bado anayumba. Mpandishe kwenye kiti ambacho miguu inaning'inia, kisha mtazame kwa ubavuni: makalio yanateleza mbele, mgongo unapinda, kidevu kinashuka kifuani, mkono mmoja unang'ang'ania meza. Nguvu ambazo zingemsaidia kusukuma chakula kwa ulimi na kukimeza zinaishia kwenye kujizuia asianguke. Baada ya dakika 5 analia, na anayemlisha anadhani chakula hakikupendwa.

Kwenye kiti cha mbao tatizo hilo hurekebishika, mradi kipangwe sawasawa. Anza na ubao wa kukalia: mtoto akae makalio yakigota nyuma kabisa, na meza ifike kati ya kiwiko na chuchu. Meza ikiwa juu zaidi, mabega hupanda na mkono haufiki mdomoni. Halafu angalia nyuma ya goti, pabaki nafasi ya vidole viwili hadi ukingo wa ubao. Ubao ukiwa mrefu mno, weka taulo iliyokunjwa nyuma ya kiuno, isifike kichwani. Mwisho pandisha ubao wa kukanyagia hadi nyayo zote zilale bapa, visigino vikiwemo. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vipinde karibu nyuzi 90 kila kimoja. Pima upya kila mwezi, maana miguu haimsubiri mtu. Legeza skrubu za pande zote mbili kabla ya kusogeza ubao. Ukilegeza upande mmoja ubao hukaa mshazari, kisha hulegea wenyewe. Baada ya wiki ya kwanza ya matumizi, zikaze tena.

Mgongo unaolala, ambao ndio fahari ya kiti cha plastiki, ni wa kuogopwa wakati wa kula. Mtoto aliyeegemea nyuma hushukiwa na chakula kooni kabla hajajiandaa kumeza, akapaliwa. Kama tayari unacho, usikitupe: funga mgongo kwenye nafasi ya wima kabisa, jaza pengo la ubavuni kwa taulo zilizoviringishwa, na zungusha ukanda mpana wa mpira kwenye miguu miwili ya mbele ili nyayo zipate pa kukanyaga. Si nadhifu, lakini husaidia.

Cha mbao nacho kina kasoro zake, na kubwa inatokana na ule ubora wenyewe. Mtoto mwenye pa kukanyaga, akifika miezi 8 au 9, hujisukuma akasimama. Kwa hiyo mkanda wa pointi tano (mabega mawili, kiuno pande mbili, katikati ya miguu) ni wa lazima kila mara, na uwe umebana kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili. Meza ya mbele haimzuii mtoto, hata ikionekana imara namna gani. Kinachoudhi ni kwamba baadhi ya viti hivi huuzwa bila mkanda, nao unanunuliwa kando. Uliza kabla ya kulipa, na tafuta alama ya kiwango cha Ulaya cha EN 14988. Nyumbani, kiweke mbali na ukuta na meza kubwa, kiasi kwamba miguu ya mtoto haifiki. Akipiga teke, kiti hupinduka kinyumenyume.

Kwenye usafi, cha mbao kinaongoza tena: kitambaa chenye unyevu, basi. Kwenye cha plastiki, vuta mkanda utoke kwenye tundu lake na utakuta uji uliokauka ndani ya mishono. Uji huohuo huingia kwenye kifungo, kikakataa kutoa ule mlio wa kujifunga. Loweka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani. Dawa ya kung'arishia nguo usitumie, hudhoofisha nyuzi za mkanda.

Kiti ni cha mlo, si cha kumhifadhia mtoto. Milo 2 hadi 3 kwa siku inatosha kwa umri huu, ukianza na vijiko vikubwa 2 au 3 na kupanda taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250, huku kunyonya kukiendelea. Dakika 15 hadi 20, kisha ashushwe sakafuni alale kifudifudi na kujigeuza. Huko ndiko misuli ya kukalia inakojengeka. Vile viti vya sponji vya sakafuni vinavyombana nyonga havifanyi kazi hiyo, na kigari cha kutembelea kiachwe kabisa. Canada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004.

Ambaye shingo bado inalegea asipandishwe kwenye kiti chochote kati ya hivi, hata kama miezi 6 imetimia. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa miezi tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo aliyewahi kwa miezi 2, akifikisha 6, kwa upande wa kukaa ni wa miezi 4.