Kuunguzwa tezi za parathiroidi kwa sindano ya joto: uzoefu wangu nikiwa mgonjwa wa figo

Katika mwaka wangu wa sita wa kusafishwa damu kwa mashine hapa Kampala, nyonga zilianza kuniuma hata nikashindwa kupanda bodaboda, na ngozi ikaniwasha usiku kucha. Kituo nilichohudumiwa kilinipa mafuta ya kupaka kwa miezi mingi kabla ya kupima homoni ya parathiroidi, jambo ambalo bado linanikera. Kipimo kilionyesha pikogramu zaidi ya 1,900 kwa mililita, ilhali kwa mtu mwenye afya hakizidi 65 hivi.

Figo zikishindwa, madini ya fosfeti hujaa mwilini, kalsiamu ya damu hushuka, na zile tezi nne za parathiroidi zilizo nyuma ya tezi ya shingo, ambazo kwa kawaida ni kama punje za mchele, huvimba na kumwaga homoni hiyo, inayoichota kalsiamu mifupani bila kukoma. Zangu mbili zilifikia ukubwa wa harage.

Kwa kuwa moyo wangu ni dhaifu, daktari alihofia dawa ya usingizi ya upasuaji, akanielekeza katika hospitali moja nchini India inayochoma tezi kwa joto la mawimbi ya redio. Nililala macho wazi, shingo imetiwa ganzi, daktari akiiongoza sindano kwa ultrasaundi. Kwanza alipenyeza maji kati ya tezi na mshipa wa fahamu wa sauti ili usiungue, kisha kila mara akanitaka nihesabu ili asikie kama sauti ni nzima, nami nikahesabu kwa Kiswahili, wauguzi wakacheka. Saa moja haikuisha, na jeraha lilikuwa tundu la kufunikwa kwa plasta. Sauti ilikwaruza wiki mbili, ikarejea.

Taabu ilikuja siku ya pili: midomo ilikufa ganzi na vidole vikakakamaa, kwa sababu mifupa iliyokuwa na njaa ilinyonya kalsiamu yote ya damu. Niliwekewa dripu ya kalsiamu siku tatu, kisha vidonge kwa miezi. Anayekusudia kwenda asikate tiketi ya kurudi mapema, na ahakikishe kwamba akirudi atapimwa kalsiamu kila baada ya siku chache.

Muwasho uliisha ndani ya wiki moja. Nyonga zilichukua miezi minne. Gharama iliniuzisha kiwanja cha Wakiso, na tezi zilizobaki zinaweza kuvimba, hivyo bado ninameza dawa za kuzuia fosfeti pamoja na chakula, na mukene (dagaa) ninaionja kwa nadra. Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 310, daktari akaiacha dozi ilivyo.