Vitambaa vya Micro-Mesh kwenye Datsun ya Safari: uzoefu wangu

Nimevitumia vitambaa hivi vya kusugulia rangi kwa miezi minane sasa, kwenye vigari vitatu vya plastiki vya kuunganisha, na lile la kwanza niliharibu. Anayetaka jibu la haraka alichukue hapa: navipenda na nitavinunua tena, lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu, anza na polishi. Vitambaa vitafuata.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya kipimo cha 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko ya kweli, ile nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally mwaka 1971. Ukimaliza kuunganisha unapata kigari cha sentimita 17 hivi, kinaenea kiganjani. Rafiki zangu wananicheka: gari la Safari unalipiga polishi ya nini, si lilimaliza mbio limejaa tope hadi kwenye vioo? Kweli. Lakini mimi nalitaka la asubuhi ya kuondoka, wakati bado mtu anaweza kujiangalia kwenye mlango akanyoosha kola.

Tatizo ni kwamba rangi haina habari kwamba gari limepunguzwa. Ukipuliza kopo, hata kwa mkono mwepesi, uso unakauka na vijibonde vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Kwenye Datsun ya kweli vijibonde hivyo huvioni mpaka uiname. Kwenye hii ya kwangu, kila kijibonde ni kama kimekuzwa mara 24, na jicho linakwambia hapo hapo kwamba hii ni plastiki iliyopulizwa rangi. Ndiyo maana watu wa kazi hii hupuliza rangi, wakaifunika kwa klia, yaani ile laka isiyo na rangi, halafu wakaisugua klia hiyo mpaka iwe bapa kama kioo.

Seti niliyonunua ina vitambaa tisa: 1500, 1800, 2400, 3200, 3600, 4000, 6000, 8000 na 12000, na namba ikikua kitambaa kinakuwa laini zaidi. Vinajulikana sana kwa kazi ya kuondoa mikwaruzo kwenye madirisha ya ndege, yale ya plastiki ya akriliki. Si karatasi, ni kitambaa chenye tabaka laini linalobonyea, na chembe za kusugulia zimekaa juu ya tabaka hilo. Ukikandamiza, chembe zinazama kidogo badala ya kuchimba. Ukivipapasa vile vya mwisho utadhani umeuziwa kipande cha mkoba wa ngozi. Bibi yangu alikuwa akisugulia mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, ule ule uliotupa jina la karatasi tunayonunua dukani, na sijui angesema nini kuhusu msasa unaoteleza hivi.

Sasa nieleze nilivyoharibu. Nilisoma 1500 kwenye kitambaa cha kwanza, nikajiambia hiyo ni sawa na msasa wa maji namba 1500 wa duka la vifaa. Nikaanza nacho, tena kwa raha zangu, redio ikiwa imewashwa. Dakika mbili hazijafika, maji kwenye sahani yakawa mekundu. Nilipofuta, ukingo wa madigadi ya nyuma ulikuwa umetoboka klia, umetoboka rangi, na praima ya kijivu, ile rangi ya chini kabisa, inanitazama.

Nikaubeba mzigo wangu hadi kwa ami mmoja mtaani kwetu, fundi wa rangi za magari, ambaye mikono yake imesugua matatu nyingi kuliko nilizowahi kupanda. Hakulitazama gari kwanza. Alisema, "Hebu lete hiyo unayoiita elfu moja mia tano." Akaisugua mara tatu kwenye ukucha wa dole gumba. Akachukua kipande chake cha msasa wa maji 1500, akasugua ukucha wa dole gumba la pili. Akanisogezea mikono yote miwili kwenye mwanga. Ukucha wa msasa wake ulikuwa na ukungu tu, ule wa kitambaa changu una michirizi unayoweza kuihesabu. "Hesabu ya hawa ni nyingine, mwanangu. Hii yako ni ya kushushia rangi."

Na ndivyo ilivyo. Micro-Mesh wana ngazi yao ya namba, haifanani na ile ya P ya misasa ya dukani tuliyoizoea. 1500 yao inakaribia P600 kuliko P1500. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza kabla. Lakini ukichukua kitu kimoja tu kwenye maelezo yangu, chukua hilo: kwenye gari dogo vitambaa vitatu vya mwanzo viache kwenye pakiti. Mimi sasa naanza na 3200 kama vijibonde ni vikubwa, la sivyo 3600 au hata 4000.

Gari la pili, hii Datsun, nililifanya kwa subira. Huku Mombasa adui wa kwanza ni hewa. Ukipuliza laka wakati wa mvua za masika, unyevu unanaswa kwenye rangi inayokauka na klia inageuka ukungu mweupe. Nilingoja kaskazi, nikapuliza klia mikono mitano, yaani matabaka matano: miwili ya vumbivumbi tu, mitatu ya kulowesha, na kati ya mkono na mkono nikaacha muda. Kisha nikaliweka gari kabatini wiki tatu. Laka inashikika baada ya saa moja, lakini ndani bado inatoa dawa na bado inasinyaa. Ukiisugua mapema, vijibonde vinakurudia baada ya siku kadhaa. Kipimo changu ni pua. Nafungua boksi, nanusa. Ikinuka, nalifunga.

Kusugua kwenyewe ni maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Ami alinipa siri yake ya karakana: hapigi msasa kwa vidole vitupu, anazungushia kipande cha kandambili kuukuu, kwa sababu vidole vina mabonde yake na msasa utayafuata. Nikakata kandambili kipande cha ukubwa wa ukucha, na kitambaa nikakifunga hapo. Kingo zote, yaani za madigadi, za milango na ule mstari wa paa, nilizibandika selotepu nyembamba ya karatasi, maana kingoni ndipo rangi huwa nyembamba kuliko popote. Kitambaa cha mwanzo nilikipeleka upande mmoja, kinachofuata nikakikatisha kwa pembe, ili nijue mikwaruzo ya nani bado ipo.

Halafu unaangalia maji. Yakiwa meupe kama maziwa yaliyochujwa, unakula klia, endelea. Yakianza kuwa na wekundu wa mbali, kama chai ya hibiskasi iliyozimuliwa, toa mkono hapo hapo. Hakuna "mara moja ya mwisho".

Mpaka 12000 paa lilikuwa bapa, lakini bado lina ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hapa ndipo polishi za Tamiya zinapoingia. Ni tyubu tatu: ya kifuniko chekundu ndiyo kali, ya buluu ya kati, nyeupe ya kumalizia. Baada ya 12000 huihitaji ile nyekundu kabisa. Nilitia tone la buluu kwenye kitambaa laini cha kufutia miwani, nikazungusha bila nguvu, kisha nyeupe. Dari ya chumba changu ina taa ya mrija. Kabla ya kazi, mwanga wake juu ya paa la Datsun ulikuwa umekatikakatika kama mstari wa mtoto wa chekechea. Baada ya ile nyeupe ulinyooka toka kioo cha mbele hadi cha nyuma, na niliweza kuona pangaboi likizunguka ndani ya rangi. Nilimwita mke wangu aje kuangalia. Aliangalia pangaboi la juu.

Mabaki ya polishi hujificha kwenye mifereji ya milango na kukauka meupe. Toa kwa mswaki laini na maji ya sabuni kabla hujabandika stika. Mashine za kuzunguka usijaribu. Plastiki ya polistirini inalainika kwenye joto la karibu digrii 100, na msuguano unafika huko kabla hujashtuka.

Kuhusu bei: pamoja na usafiri, seti ilinikaribia gharama ya gari lenyewe. Nilijaribu kukwepa kwa kununua vipedi vya bei rahisi visivyo na jina, na sponji ilibanduka ndani ya maji siku ya kwanza. Hivi vya sasa navisuuza, navianika kivulini, na vya namba kubwa bado ni kama vipya baada ya magari matatu. Na kama klia yako imetoka laini tangu mwanzo, tyubu ya buluu na nyeupe zinatosha, hutagusa kitambaa hata kimoja. Gari langu la tatu lilikuwa hivyo karibu lote, isipokuwa paa.

Boneti nyeusi niliipuliza mwisho kabisa, baada ya polishi yote, nyekundu ikiwa imefunikwa karatasi. Nyeusi ya namna ile ukiigusa kwa kitambaa inapata mabaka yanayong'aa, na hayatoki. Vile vitambaa vitatu vya mwanzo sikuvitupa. Vinasawazisha vizuri vishina vya plastiki ukishakata vipande kwenye fremu.