Darasa la gitaa Shangani, Mtwara: mkono wa kulia kwanza

Kama uko Mtwara na unataka gitaa la kusindikiza nyimbo, nenda kwa mzee anayefundisha barazani kwake Shangani, jioni jua likishapoa. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibakiza nitaieleza.

Mimi nauza kwenye duka la dawa Magomeni na naimba sauti ya pili kwaya. Kinanda chetu kinataka umeme, na umeme ukikatika katikati ya ibada tunabaki kuimba kavu. Ndiyo maana nikataka gitaa lisilohitaji waya.

Somo la kwanza hukamati kodi hata moja, yaani ule mpangilio wa vidole vya kushoto unaotoa sauti kadhaa kwa pamoja. Unamwamkia, anaitikia, anakupa gitaa na kukuambia ulaze vidole vya kushoto juu ya nyuzi zote, kwa wepesi, zisitoe sauti. Mkono wa kulia ndio unafanya kazi: kushuka, kupanda, kushuka, kupanda, mguu ukigonga sakafu kila mkono unaposhuka. Kinachosikika ni chaka-chaka-chaka, kama mtu anapepeta mchele, na jioni nzima inaishia hapo. Kijana mmoja tuliyeanza naye alinuna, akasema amekuja kujifunza wimbo, na hakurudi. Namuonea huruma kwa sababu utamu wote wa darasa hili umejengwa juu ya ile chaka-chaka.

Mzee alipiga gitaa la ridhimu, lile la kusindikiza, kwenye bendi za dansi, na anafundisha kwa sikio la mtu wa ridhimu. Anakuwekea nyimbo za Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, na wakati wewe umeshabebwa na solo, yeye anakuuliza gitaa la nyuma limefanya nini. Mwanzoni hulisikii kabisa. Ukishalisikia, unagundua ndilo linalowachezesha watu.

Sasa nieleze mtindo mmoja, maana hapa ndipo alipoistahili fedha yangu. Unahesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Namba zote mkono unashuka, kila "na" mkono unapanda. Halafu unacharaza hivi: chini, chini-juu, juu-chini-juu. Ukiipanga kwenye hesabu, moja ni chini, mbili ni chini na "na" yake ni juu. Tatu hakuna sauti. "Na" ya tatu ni juu, nne ni chini, ya mwisho juu. Kila anayeanza anakwama kwenye tatu. Kwa kuwa hakuna sauti, anausimamisha mkono, anasubiri, kisha anaukurupusha, na pigo linachelewa. Mzee alinishika kifundo cha mkono, akakishusha mbele ya nyuzi bila kuzigusa, akakirudisha juu, nyuzi zikalia zenyewe. "Usiusimamishe, mwanangu. Upite hewani." Video nilizokuwa naangalia kwenye simu zilinionyesha mishale ya chini na juu, lakini hakuna iliyoniambia kwamba pale pasipo na mshale mkono nao unashuka. Nilipoupata mwendo huo, kodi za G, C na D zikafuata bila vita kubwa, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa na mahali pa kuegemea. Hata kodi ikichelewa, yeye hataki uusubiri mkono wa kushoto. Charaza nyuzi wazi, kodi itakukuta mbele.

Baadaye anakuingiza kwenye mapigo matatu, kwa nyimbo za mwendo wa moja-mbili-tatu ambazo kwaya zetu zinazo nyingi: dole gumba ligonge uzi mnene kwenye moja, vidole vishuke kidogo tu kwenye mbili na tatu. Ni rahisi kuliko ule wa kwanza, na Jumapili hiyo hiyo unaweza kuutumia.

Nyota iliyobaki ni ya magitaa yake. Yapo ya nyuzi za chuma, na kwa hewa ya chumvi ya Shangani zimeshika kutu, zinakwaruza vidole na hazikai kwenye tyuni. Nusu ya kwanza ya somo inaweza kuishia kwenye kukaza vigingi. Nenda na gitaa lako kama unaweza. Mimi nina Yamaha C40 ya nyuzi za nailoni, laini kwa vidole vya mwanzo, ila shingo yake ni pana, mwenye mkono mdogo atajinyoosha. Nailoni naicharaza kwa kucha na dole gumba. Mwenye nyuzi za chuma atafute piki, kile kipande cha plastiki cha kucharazia, iwe nyembamba, ya milimita 0.60 hivi, inayokubali kupinda. Ngumu inang'ang'ania nyuzi mkono unapopanda.

Jumamosi watoto wanajaa na hutapata zamu, chagua siku za kazi. Analipwa shilingi 5,000 kwa somo, taslimu, na ukifika umechelewa hakuongezei muda. Nyumbani fanya mazoezi kwa programu ya simu ya metronomu, inayogonga mapigo kwa mwendo sawa, anza mapigo 60 kwa dakika na usipandishe mpaka ile tatu ya kimya ipite bila wewe kuifikiria. Mzee mwenyewe hataki kusikia habari za metronomu, anasema mguu unatosha, lakini mimi imenisaidia sana.

Solo hafundishi. Ukimuomba atakurudisha kwenye chaka-chaka, kwa hiyo anayetaka solo amtafute mwalimu mwingine.